Ampia Nane za Baba Mkwe

1

Orodha ilibandikwa Jumatatu asubuhi kwenye mlango wa Nyumba ya Sauti, na kabla chai za watu hazijapoa, mji mzima wa Itufilo ulikuwa umeshajua nani anazimwa. Asajile Mwambenja aliisoma mara tatu. Aliposadiki, aliliacha darasa lake na chaki mkononi, akateremka bonde lote mbio mpaka kwenye mtambo wa maji alikofanya kazi mkewe.

Mkewe, Tulinagwe, alikuwa amelala kifudifudi juu ya wavu wa chuma unaozuia majani yasiingie kwenye mtambo, mkono mzima ndani ya maji, akivuta mzizi ulionasa. Yeye ndiye fundi umeme pekee wa Itufilo mwenye cheti, na tangu mvua zilipowasusia alikuwa akishinda hapo, akiubembeleza mto utoe chochote ulichobakiwa nacho.

"Wamemwandika baba," alisema Asajile alipopata pumzi. "Jumamosi saa sita."

Kusema kweli, na sioni sababu ya kumpamba mtu, kitu cha kwanza kilichopita moyoni mwa Tulinagwe hakikuwa huzuni. Kilikuwa furaha ndogo, nyepesi, ya aibu, ambayo aliifunika haraka kwa kumwambia mumewe pole.

Baba mwenyewe alikuwa ameshakufa miaka minne iliyopita na kuzikwa kwa heshima zote. Ila Itufilo mtu akifa hanyamazi. Angali hai hukalishwa mbele ya mashine siku arobaini, imsikilize na kumhoji mpaka imemwelewa pamoja na ukaidi wake, na siku akikata roho huwashwa ndani ya kasha la bati, akaendelea kusema pale alipoishia. Makasha ishirini na mawili yalikaa Nyumba ya Sauti, wanaume chumba chao na wanawake chao, yakiulizwa mipaka ya mashamba, majina ya watoto na dawa ya ng'ombe aliyevimba tumbo. Kasha halikuwa na makuu. Lilitaka umeme tu, usiku na mchana. Likizimwa siku saba mfululizo, kilichomo hufutika, na hakuna fundi wa kukirudisha.

Sasa mto ulikuwa umenywea. Kamati ya Umeme ilikata mgawo wa Nyumba ya Sauti kutoka wati elfu kumi hadi elfu tisa ili zahanati isikose, kwa kuwa mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake hawezi kuambiwa asubiri mvua za Novemba. Hilo hakuna aliyelipinga. Zilitakiwa wati elfu moja, na zingetoka kwa marehemu mmoja. Mwenyekiti, Mzee Gwakisa, alipita mwenyewe na mita ya kubana, ile inayoukumbatia waya na kutaja ampia zake, akazidisha ampia za kila kasha kwa volti mia mbili na thelathini, akayapanga majina kuanzia mlafi wa kwanza. Baba yake Asajile aliongoza kwa mbali. Alikuwa na ampia nane, na jibu lake lilikuwa elfu moja mia nane na arobaini.

Kwa nini hakupima Tulinagwe, wakati ndiye fundi? Hapo ndipo penye kisa. Kwa desturi ya Wanyakyusa, ambayo Itufilo wameishika kwa mikono miwili, mkamwana na baba mkwe hawakutani. Mkamwana hamtazami baba wa mumewe, hamsalimu, hatamki jina lake, na akimwona anakuja njiani, hujitosa migombani. Tulinagwe alikuwa ameishi hivyo miaka kumi na mmoja, na kwa vile mzee alipenda sana matembezi, alikuwa akiujua kwa jina kila mmea unaowasha ngozi katika mji ule. Mzee alipokufa, Tulinagwe alilia inavyotakiwa, kisha akakitupa kitenge chake cha kujifichia. Wiki mbili baadaye mzee akawashwa.

Ukoo ulikaa nusu siku kujadili kama mwiko unalihusu bati, ukaamua kwamba maadamu anazungumza, yupo. Kaka mkubwa wa Asajile akaenda mbali zaidi, akawaomba mafundi waliolileta kasha walitie kikohozi, ili mkamwana akipita nje aonywe mapema. Kasha halina mapafu, lakini lilikohoa vizuri kuliko mzee mwenyewe alivyowahi kukohoa. Kwa hiyo mtu pekee aliyejua kupima hakuweza kuingia chumba cha wanaume, na kamati haikuona tatizo, kwa kuwa Mzee Gwakisa alijua kuzidisha.

"Si lazima uingie," alisema Asajile. "Waya zinapita nje, ukutani. Waya si baba." Kisha mwalimu huyu, aliyezoeleka kwa kutania kila msiba, akageuka upande wa mto ili mkewe asione uso wake. Tulinagwe akautoa mkono majini, akaufuta kwenye suruali, na kwenda kuchukua vifaa.

2

Alikwenda na mita ya wati, si ya kubana, amejifunika kitenge kipya kichwani mpaka puani. Sanduku la swichi lilikuwa ukuta wa nyuma. Alipokanyaga changarawe tu, ndani pakakoholewa, kikohozi kirefu cha mtu mwenye cheo. Tulinagwe akaganda na bisibisi mkononi. Mwiko haukusema lolote kuhusu ukuta wa tofali, kwa hiyo akajiambia kwamba anapima tofali, akaendelea.

Mita ya wati ina mikono miwili. Mmoja huonja volti, mwingine hubana ampia, halafu kioo kikachora mawimbi mawili, moja la msukumo wa umeme, la pili la mwendo wake. Volti zilikuwa mia mbili na thelathini. Ampia zilikuwa nane, Mzee Gwakisa hakukosea. Lakini pale chini, penye wati, palisomeka mia tano hamsini na mbili. Tulinagwe akakigonga kioo kwa ukucha. Kikabaki na msimamo wake.

Akatazama mawimbi, akaelewa. Umeme wa mtambo ni mkondo geu, unasukuma mbele na kurudi nyuma mara hamsini kila sekunde. Msukumo na mwendo vikipanda na kushuka pamoja, kila kinachoingia ndani ya kasha kinatumika. Mwendo ukichelewa nyuma ya msukumo, sehemu ya umeme huingia na kutoka vilevile, haijafanya kazi yoyote. Kipimo cha kuchelewa huko mafundi hukiita kosaini. Ni moja kamili mawimbi yakienda bega kwa bega, na hushuka kuelekea sifuri kila yanapoachana. Ya mzee ilikuwa sifuri nukta tatu. Kasha lake lilikuwa la kwanza kuletwa Itufilo, la kizamani, ndani koili tupu: transfoma kubwa kupita kiasi na mota mbili za feni zisizo na kazi ya maana. Zidisha mia mbili thelathini kwa nane, zidisha tena kwa sifuri nukta tatu, unapata mia tano hamsini na mbili. Mzee alikuwa na makelele mengi waya mzima, lakini mto wenyewe alikuwa akiunywa kidogo.

Fundi mzuri akianza kupima hawezi kuacha katikati, na huo ndio ubaya wake. Akapima la Mwalimu Andembwisye, jina la pili kwenye orodha, marehemu aliyewafundisha nusu ya watu wa Itufilo kusoma. Nalo lilikuwa la kizamani. Wati mia nne na sitini. Akahamia swichi za wanawake, moja baada ya nyingine, mpaka akafika ya Bibi Syabumi, ambaye kwenye orodha ya Mzee Gwakisa alikuwa wa nne na hakuna aliyemfikiria.

Ampia tano. Mawimbi mawili yamelaliana kabisa, utadhani ni moja. Kosaini moja. Wati elfu moja mia moja na hamsini.

Tulinagwe akakaa chini pale pale kwenye changarawe. Bibi Syabumi ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki, na hita iliyokuwa ndani ya kasha lile aliitia yeye mwenyewe, kwa mikono yake, baada ya ukungu wa mlimani kuanza kuotesha kutu kwenye bodi za bibi. Hita ni waya wa kuchemka tu. Haina koili ya kuchelewesha kitu. Ilikula wati elfu moja, na ilizila kweli.

Hesabu ikawa wazi, na Tulinagwe hakuipenda hata kidogo. Wakimzima baba mkwe, mto ungepata mia tano hamsini na mbili, mtambo ungeendelea kulemewa, na wiki inayofuata kamati ingemwandika Mwalimu Andembwisye bila kujua kwa nini haikutosha. Wawili wangekwenda. Au aende mmoja, bibi yake, na yatoshe. Na hakuna mtu mwingine mji mzima aliyejua kwamba kuna swali.

Ndani pakakoholewa tena, safari hii kwa upole, maana pengine Tulinagwe alikuwa amekaa sana. Akakusanya vifaa vyake, akaondoka. Nyumbani alimwambia Asajile kwamba bado anahakikisha vipimo, na Asajile akamshukuru kwa namna iliyomkosesha usingizi.

3

Kesho yake mchana aliingia chumba cha wanawake, mlango wa upande wa pili, ambako hapakuwa na mwiko wowote. Alikwenda huko kila Jumapili, akivuta kigoda karibu na kasha la bibi na kuota moto wa ile hita huku akisimulia wiki yake.

"Leo Jumanne," ilisema sauti ya Bibi Syabumi kabla kigoda hakijatulia. "Nani kafa tena?"

Tulinagwe alikusudia kuzunguka, aanzie mbali kwenye mambo ya mto na zahanati. Hakufika popote. Bibi huyu alikuwa akimtoa uongo tangu akiwa na meno ya maziwa, na kuwa bati hakukumpunguzia kipaji. Akamweleza yote, mpaka kosaini. Bibi alisikiliza, akauliza jambo moja tu, kama kuna mtu mwingine aliyeambiwa. Hakuna.

"Basi usimwambie mtu."

Tulinagwe hakujua alikuwa akitarajia nini. Labda yale maneno ya wazee ya kujitolea, yanayomwachia mjukuu machozi matamu na dhamiri safi.

"Mimi sitaki kuzimwa, mwanangu," alisema bibi. "Nimekufa mara moja, na sikupenda. Yule mzee azimwe. Siku ya mahari alisimama mbele ya watu akasema una mikono myembamba, hutaweza kulima. Mpaka leo naisikia sauti yake ukutani, na mpaka leo sijamjibu nikaridhika."

"Na Mwalimu Andembwisye je?"

Bibi akasema kwamba Mwalimu alikuwa mtu mzuri, alimfundisha kuandika jina lake akiwa na miaka hamsini, na kwamba yeye mwenyewe asingependa kuulizwa swali hilo. "Usije kwangu kutafuta ruhusa. Mimi nina upande. Ukiniuliza leo nitakwambia nyamaza, na ukiniuliza kesho nitakwambia nyamaza. Nenda kamuulize mtu asiyeogopa."

Tulinagwe alimtafuta mtu huyo Jumatano yote na Alhamisi yote, na hakumpata. Jumatano aliunguza ugali. Alhamisi alifunga skrubu ya mtambo mpaka akaikata kichwa. Asajile alimtazama, akamwekea chai, hakuuliza kitu, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

4

Kamati ilikaa Ijumaa alasiri kwenye ghala la chai. Nje, mashine za kuchuma zilikuwa zikitembea shambani kwa miguu yao sita, ghalani wajumbe tisa wamekaa kwenye magunia. Mzee Gwakisa alivaa koti. Tulinagwe aliomba neno, akasema kwamba orodha si sahihi.

Mzee Gwakisa hakukasirika mara moja. Alianza kwa kuumia. Volti mara ampia, alisema, alifundishwa shuleni na akapata alama zote. Tena alipima mara mbili. Tena hesabu haimjui mkwe wala shemeji, na kama fundi anataka kumwokoa mtu wa nyumbani kwake, aseme hivyo, watu watamhurumia.

Kazi ya Tulinagwe ilikuwa ngumu zaidi ya fizikia, kwa kuwa hakuruhusiwa kumtaja anayemtetea. Alianza na "yule wa kwanza," akaja "yule wa ampia nane," na alipochanganyikiwa akasema "huyo ambaye mnamjua," mpaka mjumbe mmoja aliyekuwa akisinzia akazinduka na kuuliza nani kaiba.

"Mmeuona msumeno wa watu wawili, ule wa kupasulia mbao," alisema mwishowe. "Huyu anavuta, yule anaachia, kisha wanabadilishana. Mkondo geu ndivyo ulivyo. Volti ni nguvu ya mikono. Ampia ni mwendo wa msumeno. Vikienda pamoja, mbao inapasuka na unga wake unaanguka. Mkono mmoja ukivuta wakati msumeno bado unakwenda kule, watu wanatoka jasho na mbao iko vilevile. Volti mara ampia ni jasho. Mzee wangu Gwakisa amepima jasho, na amelipima sawasawa. Lakini mto unakwisha kwa unga."

Wajumbe watatu walikuwa wapasua mbao ujanani, wakaanza kutikisa vichwa na kukumbushana majina ya watu waliokuwa wakivuta vibaya. Mzee Gwakisa alingoja watulie.

"Sasa hizo ampia zisizofanya kazi zinakwenda wapi?"

"Zinakwenda na kurudi."

"Na njiani zinafanya nini?"

"Zinachosha waya tu, mzee."

Mzee Gwakisa akalifikiria hilo. Kisha akafanya jambo ambalo wenyeviti wachache sana wangelifanya: akachukua kalamu, akaikata orodha yake mwenyewe kwa mstari mmoja, akasema haya, kama si huyo, ni nani.

Hapo Tulinagwe aliuona mlango uliobaki wazi. Angeweza kusema bado hajamaliza kupima. Angeweza kuomba wiki moja. Akawaza mikono yake myembamba ikifunga ile hita, na bibi akimwelekeza kama vile anaijua.

"Ni Bibi Syabumi," alisema. "Bibi yangu. Wati elfu moja mia moja na hamsini, zote unga."

Aliyesema kwanza alikuwa Tumpe, mfagizi wa Nyumba ya Sauti, aliyekaa kwenye kamati kwa niaba ya makasha. Alisema yeye hayajui mambo ya kosaini, ila kitu kimoja kinamtatiza. Lile kasha la yule mzee, akamtaja kwa jina bila wasiwasi wowote kwa kuwa hakuwa mkwe wake, lina joto la kikaango. Vitambaa vyake vya kudekia anavianika juu yake na vinakauka kabla hajamaliza chumba. Makasha mapya yanatoa joto lao kwa bomba la paani, lakini lile linampulizia mtu usoni. Inakuwaje kitu cha moto hivyo kiwe kinatumia kidogo?

Tulinagwe alianza kumjibu kwa uvumilivu kwamba wati zote zinazoingia ndani ya kasha hatimaye hutoka kama joto, zote mia tano hamsini na mbili, kwa hiyo ni kawaida. Akafika katikati ya sentensi, akakwama. Akaomba karatasi.

Hita ya bibi ilikuwa ya wati elfu moja kwa sababu chumba cha wanawake kina madirisha mapana na ukungu unaingia upendavyo. Kasha likiwekwa ndani ya kabati la mbao lililozibwa vizuri, lingetaka mia tano tu likae kavu. Na mia tano zilikuwepo, zinachomoza bure kwenye bati la mtu. Wakizima hita na kuliweka kasha la bibi kabati moja na lile la moto, mto ungepata elfu moja yake kamili na asizimwe mtu.

Aliipiga hesabu hiyo mara ya pili, safari hii kwa kasha la Mwalimu Andembwisye. Mia nne na sitini. Akaipiga tena, kwa matumaini ambayo fundi hapaswi kuwa nayo. Ikabaki mia nne na sitini, na kwa arobaini zilizopungua ukungu ungeingia polepole mpaka bodi zikaoza. Lingekuwa lile la baba mkwe au lisingekuwa lolote.

Akaisema. Wajumbe walishangilia, Tumpe akaahidi kutafuta mahali pengine pa vitambaa vyake, na kazi ya kabati ikapewa wapasua mbao wale watatu. Mzee Gwakisa peke yake hakucheka. Alimsogelea Tulinagwe wengine wakitoka.

"Bibi yako atakuwa chumba kimoja na mkweo," alimwambia kwa sauti ya chini. "Hutaweza kuingia kumwona."

"Najua, mzee," alisema Tulinagwe. "Nimeipigia hesabu."

5

Bibi Syabumi alihamishwa Jumamosi, saa ileile aliyopangiwa mwingine kuzimwa. Kabla ya saa saba mchana ugomvi ulikuwa umeanza. Sauti zilitoka kwenye kabati mpaka barabarani: bibi akidai kuombwa radhi kuhusu mikono, mzee akijibu kwamba alisema vile ili kupunguza ng'ombe na kila mtu mwenye akili alielewa. Watu walianza kuleta mahindi ya kutafuna na kukaa barazani. Marehemu wengine, ambao kwa miaka walikuwa wakilalamika kwamba siku zao hazina jipya, waliacha kulalamika.

Tulinagwe hakuweza kukaa barazani. Akikaribia tu, ndani palikoholewa, ugomvi ukakatika, na watu wote wakamgeukia kwa macho ya kumlaumu. Alipokea salamu za bibi kupitia kwa Tumpe, aliyezifupisha vibaya. Jumapili ya kwanza alishinda akifua nguo safi. Ya pili alikwenda mtamboni ingawa haikuwa zamu yake. Ya tatu Asajile alimkuta amekaa jikoni juu ya kigoda, amegeukia ukuta, akiuambia kwa sauti ndogo habari za wiki yake. Asajile akarudi nyuma bila kuingia, na siku hiyohiyo akaenda kumwona baba yake.

Alirudi jioni, akakaa, akavua kofia, akaivaa tena.

"Baba anataka azimwe," alisema. "Kila Jumapili, saa kumi mpaka saa kumi na moja."

Tulinagwe hakumwelewa. Katika miaka yote ya makasha Itufilo hapajawahi kutokea aliyeomba kuzimwa hata dakika moja. Hakuna aliyejua ndani huwa inakuwaje. Mafundi husema ni salama, lakini mafundi hawajawahi kuzimwa.

Asajile alieleza kwamba baba alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema maneno machache tu. Kwamba ukoo umeamua mtu anayezungumza yupo, na yeye hapingani na ukoo. Basi asiyezungumza hayupo. Chumba ambacho hayupo, mkamwana yeyote wa mtu anaweza kuingia kumwona bibi yake, na bati litakaa na joto saa moja bila shida. Hakutaka mjadala. Halafu, Asajile alipokuwa ameshafika mlangoni, baba alimwita.

"Aliniuliza kama itauma," alisema Asajile. "Nikamwambia sijui. Akasema haya."

Jumapili iliyofuata, saa kumi kasorobo, Tulinagwe alisimama nyuma ya nyumba, mbali kidogo na changarawe, kitenge kichwani. Asajile alikuwa kwenye sanduku la swichi, mkono juu, akimtazama mkewe. Ndani, bibi na mzee walikuwa katikati ya maneno, na saa ilipogonga mzee alimwambia bibi kwamba atamalizia akirudi. Asajile akabonyeza. Mvumo ambao Tulinagwe alikuwa ameuzoea miaka minne bila kujua kuwa anausikia ukapungua, ukapungua, ukakatika.

Akaingia. Kabati lilikuwa wazi, makasha mawili yamekaa ubavu kwa ubavu. La mzee lilikuwa dogo. Hilo ndilo lililomshangaza, kwamba kitu alichokikimbia muda wote huo kingetosha chini ya kitanda, kimepakwa rangi ya kijani, kimebonyea pembe moja.

"Vuta kigoda," alisema Bibi Syabumi. "Na uongee upesi upesi. Nilikuwa nimemshika pabaya, sitaki asahau tulipofika."

Tulinagwe hakuvuta kigoda kwanza. Aliteremsha kitenge mpaka mabegani. Akaweka kiganja juu ya bati la kijani, ambalo lilikuwa bado na moto wa kutosha kukausha kitambaa, akapiga goti, mkono ukiwa palepale.

"Shikamoo, baba," alisema.

Alingoja kidogo, muda ambao mtu hungoja kuitikiwa, kisha akamgeukia bibi yake.